Hatua Kumi na Moja

Dresden, 6 Oktoba 1867

Mpendwa Baba mdogo Traugott,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua chako hakijaanza visa vyake vya baridi. Hapa Bibi Noack, mpishi wetu, amemaliza kupika jamu ya plamu. Nyumba nzima inanata, na wanafunzi wangu wa piano wanalamba vidole kabla ya somo na baada ya somo. Jana nilimwambia binti wa kapteni, "Ukikosea noti nitajua kwa kuonja." Alicheka mpaka akasahau yuko ukurasa gani.

Mama ndiye hali yake si nzuri. Tangu Julai hatoki kwenye kiti chake cha dirishani. Hasemi maumivu, hasemi njaa, na tangu Agosti hasemi chochote. Daktari anausikiliza moyo wake kisha anakunja uso.

Sasa nikuambie kilichonishikisha kalamu. Wiki iliyopita niliifungua ile piano kuukuu ya marehemu baba, ile ya mstatili iliyo sebuleni, nifute vumbi. Chini ya nyuzi nikakuta karatasi zimekunjwa. Mwandiko ni wa baba. Juu ameandika, "Kwa pembe na piano. Ya Alhamisi." Sehemu ya piano ipo yote. Sehemu ya pembe haipo.

Niliketi nikaipiga palepale. Si muziki mgumu. Ni wa sebuleni, wa kunywea kahawa, mtamu na wenye huzuni kidogo. Lakini una mashimo. Piano inauliza, inanyamaza, inangoja kujibiwa. Na karibu na mwisho kuna kimya cha ajabu: mapigo kumi na moja bila noti hata moja, kisha kipimo kizima kitupu chenye alama ya kungoja, ndipo piano inafunga. Baba hakuwa mtu wa kusahau kuandika noti.

Nilipofika kwenye kimya hicho, Mama akasema. Baada ya miezi miwili! Alisema, "Mwite Traugott." Basi. Tangu hapo kila siku saa kumi, kahawa ikiletwa, ananyoosha kidole kwenye piano. Nami napiga, naye anangoja, na mwisho anageuza uso ukutani na chakula hataki. Nilimwita Bwana Uhlig, mpiga pembe wa jumba la tamthilia, abuni kitu cha kuziba mashimo. Aliitazama karatasi, akasema, "Dada, huku ni kualikwa karamu ukakuta sahani tupu."

Wewe ndiye uliyepiga pembe na baba Alhamisi zile. Naomba sehemu ya pembe. Daktari hasemi ni lini, ila ametushauri tusipange mambo ya kiangazi. Sijui kilichokutenga na baba, na siulizi. Nimekuona mara moja tu maishani, siku tulipomzika, umesimama nyuma kabisa karibu na lango. Nataka tu Mama akipate anachokingoja.

Mwanao,
Ottilie


Zittau, 2 Novemba 1867

Mwanangu Ottilie,

Marahaba. Barua yako haikuchelewa. Aliyechelewa ni mimi. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mzee wa miaka sitini na mitatu aliyepuliza shaba miaka arobaini. Bibi Hempel, mwenye nyumba wangu, anasema nikipanda ngazi anasikia mivukuto ya mhunzi. Mpe shemeji yangu salamu nyingi. Mwambie namkumbuka.

Umeuliza habari za pembe. Niruhusu nieleze, maana walimu wa siku hizi hawalisemi jambo hili. Pembe ya wakati wetu haikuwa na vali, vile vibonyezo vya kubadilishia sauti. Ilikuwa bomba tu, refu kuliko kimo cha nyumba, likakunjwa duara. Ukiikaza midomo hivi inatoa sauti hii, ukiilegeza inatoa ile. Lakini kati ya sauti na sauti kuna mapengo, kama ngazi iliyong'oka vipandio. Vipandio vilivyokosekana tulivitengeneza kwa mkono wa kulia, ndani ya kinywa cha pembe. Ukikiziba kwa kiganja, sauti hushuka na kuingia kiza, kama mtu anayesema akiwa chumba cha pili. Kwa hiyo kila wimbo ulikuwa na sauti za mwangani na sauti za kivulini, na mtunzi mwerevu alijua neno gani aliweke wapi. Leo kijana anabonyeza vali kwa kidole na kila sauti inatoka kweupe. Simlaumu Bwana Uhlig. Amezaliwa mchana, hajui kiza.

Tena sisi hatukusimama sebuleni. Pembe ni kitu cha msituni. Ukiipuliza karibu na vikombe, vikombe vinagongana. Nilikuwa nasimama kwenye kile chumba kidogo cha pembeni, mlango umefunguliwa nusu, uso wangu ukutani, ili kinywa cha pembe, ambacho hutazama nyuma ya mpigaji, kielekee mlangoni.

Ama kuhusu karatasi unazozitaka, zilipotea nilipohama. Na pembe yenyewe nilimuuzia mfua shaba zamani. Huenda leo ni birika la mtu. Kile kimya cha mapigo kumi na moja usikisumbukie. Nadhani ni kosa. Ndugu yangu alikuwa anaandika huku anasinzia. Kiruke, uende moja kwa moja kwenye mwisho, utaona wimbo unakaa vizuri.

Mfunike shemeji miguu. Baridi huanzia miguuni.

Baba yako mdogo,
Traugott


Dresden, 17 Novemba 1867

Baba mdogo,

Shikamoo. Theluji ya kwanza ilianguka juzi ikayeyuka kabla ya mlo wa mchana. Bibi Noack anakusalimu ingawa hakujui; anasema mtu anayejua mambo ya kufunika miguu ni mtu wa kuolewa naye.

Nilifanya ulivyosema. Jumanne nilikiruka kile kimya nikaenda moja kwa moja mwisho. Mama aliinuka, Baba mdogo. Mama ambaye haendi mwenyewe hata msalani alisimama wima, kikombe kikaanguka kikavunjika, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Umempita! Hajafika!"

Nikamuuliza, "Nani hajafika, Mama?"

Akanitazama kama anayemtazama mgeni aliyegonga mlango usio wake. Kisha akaketi.

Sijaruka tena. Ila nikisubiri mapigo yote kumi na moja, mikono juu ya mapaja, nasikia kitu. Usinicheke. Nasikia mtu anatembea. Si juu darini wala si barabarani. Ni humu sebuleni, kutoka ubavuni mwangu pale kwenye kiti cha piano, kuelekea kile chumba cha pembeni. Hatua nyepesi, za upesi. Zinafika mlangoni, zinaisha. Na nyuzi zinabaki zikivuma kidogo, kama mtu aliyeacha kusema katikati ya neno.

Nilimuuliza Bibi Noack kama naye anasikia. Akajibu, "Mimi nasikia sufuria zangu tu, Bibi Ottilie, na wewe ungeolewa ungesikia watoto." Lakini tangu siku hiyo kahawa anaiacha mlangoni, hauvuki mkeka wa sebule.

Chumba hicho cha pembeni ndicho chumba changu cha kulala tangu utotoni. Nakuuliza kwa heshima: nani hajafika?

Ottilie


Zittau, 20 Desemba 1867

Mwanangu,

Marahaba, na heri ya sikukuu. Nimekutumia keki ya asali ya huku kwetu. Ni ngumu, ichovye kwenye kahawa, na umkatie shemeji upande wa katikati usio na ukoko. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nililala wiki mbili kwa kifua, na Bibi Hempel alinipaka mafuta ya bata mpaka mbwa wa jirani wakawa wanalala mlangoni kwangu.

Hatua unazozisikia zina maelezo, na ni maelezo mepesi. Piano ile haina kanyagio. Ndani ya sanduku, upande wa kushoto, ina vijiti viwili vya mbao. Ukikivuta cha pili, vizimio vyote vya ngozi vinainuka juu ya nyuzi na kubaki juu, hata ukiondoa mikono. Bila shaka ndugu yangu ameandika "vuta kijiti" pale kwenye kile kimya, nawe mtiifu umevuta. Sasa nyuzi zilizo huru huitika kila kitu. Mkokoteni ukipita, zinaitika. Mtu akikohoa, zinaitika. Ubao wa sakafu ukilia kwa baridi, nyuzi zinaupokea na kuukuza, na sikio la mtu mwenye wasiwasi linaugeuza ubao kuwa mguu. Niliwahi kumsikia marehemu bibi yangu akipiga chafya ndani ya piano, miaka minne baada ya kuzikwa; kumbe alikuwa paka.

Kwa hiyo usiogope. Hakuna anayetembea.

Kuhusu swali lako la mwisho, nadhani shemeji mwenyewe hajui alichosema. Wagonjwa husema mengi.

Jino langu la pili la mbele limeng'oka juzi. Mpiga pembe bila meno ya mbele ni kama mlango bila bawaba, unasimama lakini haufunguki. Nakutajia ili usifikirie kuniita.

Traugott


Dresden, 9 Januari 1868

Baba mdogo,

Shikamoo. Keki tuliila. Mama alikula kipande kizima, akauliza nani ameileta. Nikasema, "Traugott." Akasema, "Muongo yule, alisema atarudi Alhamisi."

Nikusimulie mambo matatu, wewe mpenda maelezo.

La kwanza. Hatua ni vidole vya Mama. Nilimchungulia kwenye kioo nikapiga: kimya kilipoanza, vidole vyake viwili vilianza kutembea juu ya mkono wa kiti, kimoja baada ya kingine, mara kumi na moja. Nyuzi zinapokea, kama ulivyosema. Nilifurahi sana. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Jumamosi iliyofuata Mama alisinzia kabla sijafika hapo, mikono yake yote miwili ikiwa chini ya shali. Nilipiga, nikavuta kijiti, nikahesabu. Zilikuja zote kumi na moja.

La pili. Nilipima sakafu. Kutoka kiti cha piano hadi mlango wa chumba cha pembeni ni hatua zangu sita. Ili nipate kumi na moja lazima nitembee kama anavyotembea mtu mwenye miguu mifupi.

La tatu. Nilikwangua rangi kwenye mwimo wa mlango huo, upande wa ndani. Sijui nini kilinituma. Chini ya rangi nyeupe kuna mistari mitano ya penseli, wa chini kabisa ukinifika juu kidogo ya goti, wa juu ukinifika kiunoni. Kando ya kila mstari kuna mwaka kwa mwandiko wa baba. Wa kwanza 1834. Wa mwisho 1838.

Mimi nimezaliwa Mei 1840.

Miaka ishirini na saba nimelala nyuma ya mlango huo. Baba hakuwahi kunipima kimo. Nilidhani hakuwa mtu wa mambo hayo.

Daktari anasema Mama huenda akafika Pasaka, huenda asifike. Usiniandikie tena habari za mbao na paka.

Ottilie


Zittau, 1 Februari 1868

Mwanangu Ottilie,

Marahaba. Nimekaa na barua yako wiki tatu. Niliianza hii mara nne. Tatu zimo jikoni, ziliwasha moto.

Alikuwa dada yako. Aliitwa Malwine. Alikuwa na miaka sita kasoro wiki tatu alipokufa kwa homa ya vipele vyekundu, Februari 1839, katika chumba unamolala.

Acha nieleze kwa utaratibu, maana nisipofuata utaratibu nitakimbia tena.

Kila Alhamisi saa kumi walikuja wageni sita saba, kahawa ikamiminwa, baba yako akaketi kwenye piano, Malwine kando yake kumfungulia kurasa. Mimi chumba cha pembeni, uso ukutani. Siku moja, katikati ya wimbo ambao hata siukumbuki, nilihisi kitu ndani ya kinywa cha pembe, karibu na mkono wangu. Alikuwa ametoka kwa baba yake, akakimbia sebule nzima, akatia kiganja chake ndani ya pembe. "Baba mdogo, ondoa mkono wako, niizibe mimi!" Nikaondoa. Mkono wake ulikuwa mdogo mno, haukuweza kuziba. Nilipopuliza, ilitoka sauti ambayo sijawahi kuisikia, si ya mwangani wala si ya kivulini. Ilikuwa katikati, imeshuka kidogo, kama mtu anayenong'ona siri huku vidole havijakutana mdomoni.

Baba yako aliacha kupiga. Akajaribu vibao vya piano, kimoja, kingine, akacheka. "Traugott, hiyo noti haimo humu! Iko kati ya kibao na kibao!" Shemeji akasema, "Basi andikeni wimbo inamokaa."

Ndivyo ulivyozaliwa wimbo wa Alhamisi. Piano inauliza, pembe inajibu. Karibu na mwisho baba yako anavuta kijiti, nyuzi zinakuwa huru, naye ananyamaza, maana piano haina cha kusema hapo. Malwine anashuka kwenye kiti, anavuka sebule. Hatua kumi na moja; ndugu yangu alizihesabu mwenyewe. Anatia mkono. Napuliza noti yake, moja tu, ndefu. Nyuzi zinaitikia kwa mbali, wageni hawapumui. Kisha piano inafunga. Tuliupiga majira mawili ya baridi.

Alipokufa Malwine, baba yako aliifunga piano mwaka mzima. Februari 1840, Alhamisi, aliwaita watu walewale. Mama yako alikuwa na mimba yako. Ndugu yangu aliniandikia mstari mmoja: "Njoo umpulizie Malwine."

Sasa sikiliza kosa langu. Nilijaribu nyumbani. Niliweka mkono wangu nusu, robo, ncha za vidole. Noti niliipata, mwanangu. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu. Niliipata ileile, na nilipoipata nilihisi vidole vyake vimegusa vyangu ndani ya shaba. Niliitupa pembe kitandani. Sikuweza kuuingiza tena mkono. Siku ya Alhamisi nikaazima pembe ya vali, mpya, inayong'aa, nikajiambia ni ya kisasa, inatosha. Kimya kilipofika nikahesabu kumi na moja, nikabonyeza kidole, nikatoa noti iliyo jirani na yake. Safi. Nyeupe. Haina mtu ndani.

Mama yako alitoka sebuleni. Baba yako alishusha kifuniko cha piano polepole, akasema mbele ya wageni, "Umeleta mashine kumzika mara ya pili." Wote waliamini nimefanya kwa majivuno, kujionyesha na vali zangu. Niliwaacha waamini. Ni rahisi zaidi kuitwa mwenye majivuno kuliko mwoga.

Baadaye baba yako alikataza jina lake lisitajwe, ili wewe usilelewe pamoja na mtoto aliyekufa. Kwa hilo nilimtii. Huenda hatukupaswa kumtii.

Nimekudanganya mara tatu. Kimya si kosa. Karatasi za pembe hazikupotea, zimo ndani ya barua hii. Na pembe sikuiuza. Iko chini ya kitanda changu, imefungwa kwa blanketi la Malwine.

Mpe Bwana Uhlig karatasi. Mwelekeze mkono. Mimi sina meno.

Traugott


Dresden, 6 Februari 1868

Baba mdogo,

Shikamoo. Karatasi zako nakurudishia. Bwana Uhlig ana mikono kama makafi ya mashua, na Mama hakusema, "Mwite Uhlig."

Nimewakasirikia wote, waliokufa na walio hai, na hasira hiyo nitaipa nafasi yake baadaye. Sasa njoo. Alhamisi yoyote. Hukusema utapuliza vizuri, ulisema utarudi.

Ottilie


Zittau, 23 Februari 1868

Mwanangu,

Marahaba. Nitapanda treni ya asubuhi Alhamisi tarehe tano Machi.

Nimefanya mazoezi siku kumi na mbili. Siku ya kwanza Bibi Hempel alipaza sauti kutoka chini, "Bwana Lindig, ng'ombe amekwama wapi tukamvute?" Siku ya nne akasema, "Ng'ombe anaendelea vizuri." Nimejaza pengo la meno kwa nta ya mshumaa. Nyingi za sauti za juu zimenikimbia, nitaziruka. Ile moja iko chini, ninayo.

Pumzi ninayo, lakini mkono sina. Kila nikiuingiza unatetemeka, na noti inatetemeka nao. Kwa hiyo nina ombi, na unaweza kukataa. Kimya kikifika, vuta kijiti, inuka, uje. Nitaondoa mkono wangu. Weka wako: vidole vinne pamoja, dole gumba nje, usizibe. Usiniguse, tafadhali. Usiseme kitu.

Naomba mlango uwe nusu wazi kama zamani. Kama kuna keki ya mayai na jibini kwenye lile duka la kona, sikatai kipande.

Traugott


Dresden, 29 Machi 1868

Mpendwa Baba mdogo,

Shikamoo. Telegramu yangu ya Jumatatu ilikufikia, na najua kwa nini hukuja. Bibi Hempel ameniandikia kuhusu homa yako, akaongeza kwamba ukijaribu kutoka kitandani atakaa juu yako. Mtii. Tulimzika Mama Alhamisi, kando ya baba, karibu na lile jiwe dogo la Malwine lisilo na maandishi, uliloniambia ulipokuja. Sasa lina maandishi. Nilimleta fundi Ijumaa. Bibi Noack alichukua maua, na siku hiyo aliuvuka mkeka wa sebule mwenyewe, akafungua madirisha, akasema, "Nani kasema humu kuna kitu?" Pembe yako iko ukutani katika chumba changu. Uliisahau kwa makusudi, nami sikurudishii.

Nimeipiga piano mara tatu tangu mazishi. Kwenye kimya nahesabu kumi na moja. Hakuna anayetembea.

Sasa jibu la swali lako. Uliniuliza njiani kwenda stesheni, na tena kwenye barua yako ya tarehe kumi na mbili: Mama alisema nini? Nikakuambia sikusikia. Nilisikia. Sikuweza kulitamka barabarani.

Alhamisi ile wewe ulikuwa umeelekea ukuta, hukuona kitu. Nilivuta kijiti, nikainuka. Nilikuwa nimepanga kutembea hatua zangu sita na kungoja mlangoni mapigo matano. Miguu ilikataa. Ilikwenda kumi na moja, fupi fupi, kama utembeavyo ukiwa umemshika mtoto mkono. Nikaweka vidole vinne. Shaba ilikuwa na joto la pumzi yako. Ukapuliza.

Najua ulichofikiri. Nta ilivuja, sauti ilikwaruza, na haikuwa noti ya Malwine. Mkono wangu ni mkubwa, uliziba zaidi, ikatoka chini zaidi na yenye kiza zaidi. Niliona mabega yako yakianguka. Ulidhani umeshindwa tena, kama mwaka ule, ndiyo maana uliikimbilia treni bila kumaliza keki.

Lakini mimi nilisimama alipokuwa akisimama Malwine, kati ya pembe na mlango, nikitazama sebuleni. Vidole vya Mama vilikuwa vimefika kumi na moja, vimetulia juu ya mkono wa kiti. Alikuwa anatazama mlangoni, chini, kwenye kimo cha ule mstari wa mwisho wa penseli. Akaisikiliza noti. Akainamisha kichwa kidogo, kama asiyekuwa na hakika. Halafu, wewe ukiwa bado unapuliza, macho yake yakaanza kupanda, polepole, kama anayesoma mistari mingine ambayo hakuna aliyeichora, mwaka baada ya mwaka, mpaka yakafika usoni kwangu. Nyuzi zilikuwa bado zinavuma.

Akasema, "Amekua."

Mwanao,
Ottilie